Siku ya Mavuno Isiyo na Ngoma

Wenzangu mnaobaki na vumbi la chaki,

Mmeniomba niandike habari za kazi yangu kwa kuwa nimestaafu na mnaamini sasa nina muda. Muda ninao, ila umejaa kelele za wajukuu. Habari za vyeo, mishahara na barua za uhamisho ziko kwenye jalada langu ofisini, na atakayekosa usingizi anaweza kuliomba akalisoma. Mimi nitawaambia ambayo hayamo jaladani, na hasa kosa langu moja ambalo mkaguzi hakuligundua.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Geita, karibu na machimbo ya dhahabu. Nilitoka Pangani nikiwa binti wa miaka ishirini na mmoja, nina sanduku la bati na Kiswahili nilichodhani kinatosha nchi nzima. Siku ya kwanza niliingia darasa la kwanza, nikawaeleza watoto kwa ufasaha kwamba leo tutajifunza kuhesabu. Watoto sitini wakanitazama kwa heshima kubwa. Hakuna aliyeelewa hata neno, maana nyumbani walisema Kisukuma na Kizinza, na Kiswahili kwao kilikuwa kitu cha sokoni. Mmoja akanyoosha mkono nikafurahi mno, kumbe alikuwa anaomba kutoka nje.

Nikawatuma walete kokoto za kuhesabia. Walileta nzuri, nyingine zinametameta. Kesho yake baba mmoja mchimbaji alibisha hodi darasani, akavua kofia, akaomba ruhusa, kisha akazikagua zile kokoto moja moja, anazilamba na kuzigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakuambulia kitu. Akanirudishia zote kwa adabu, akaniomba radhi kwa usumbufu. Tangu hapo nilihesabisha kwa punje za mahindi, nazo walizila kabla ya kufika kumi.

Miaka kadhaa baada ya kuolewa nilihamia shule ya kijiji kimoja nje kidogo ya Tinde, kwa kuwa mume wangu alikuwa dereva wa lori la pamba na njia zake zilikuwa huko. Mwalimu mkuu aliitwa Luhende, Msukuma mrefu, mpole, mwenye baiskeli iliyolia kuliko kengele yetu. Kengele yenyewe ilikuwa rimu la lori lililoning'inizwa kwa mnyororo. Yeye ndiye aliyenifundisha ualimu ambao chuoni hawakunifundisha. Alinifundisha kusimama mlangoni asubuhi na kutazama midomo ya watoto kujua nani hakula. Alinifundisha kuandika ubaoni huku nimesimama upande, nione ubao na darasa kwa pamoja. Alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka mtu ajikute amesema alichokuwa anakificha, na mimi ninayependa kusema alinimaliza mara nyingi kwa njia hiyo.

Sikukuu yetu kubwa pale ilikuwa siku ya mavuno. Katikati ya mwaka, pamba ikishavunwa na mtama umepurwa, tulifunga shule kwa likizo, na siku ya kufunga wazazi wote walialikwa. Watoto walikuja na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga, kunde na maboga, tukavipanga kwenye mikeka mbele ya madarasa. Nyumbani kwangu maandalizi yalianza siku mbili kabla. Binti yangu Saada, aliyekuwa darasa la tatu, na mdogo wake Hamisi walifagia ua mara nne kwa siku bila kuambiwa, jambo ambalo mwaka mzima hata kwa fimbo halikuwezekana. Ndugu zangu walinitumia nazi kwa treni, nami nikapika wali wa nazi kwenye sufuria la shule. Watoto wa kule walionja, wakatazamana, wakasema ni tamu kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mpishi. Kisha wakarudi kwenye michembe iliyochemshwa kwa karanga, na wanangu wakaenda nao.

Mwaka wa pili Mwalimu Luhende alinikabidhi michezo na burudani za siku hiyo. Nikavimba kichwa. Niliamua watoto wacheze bugobogobo, ile ngoma ya majembe, ambayo nilikuwa nimeiona mara mbili na hivyo nikajiona mjuzi. Kiongozi wa nyimbo nilimchagua Kabula wa darasa la saba. Sauti yake ilisikika mpaka barabarani, na kichwani alikuwa mwepesi kuliko watoto wote niliowahi kuwafundisha hadi siku hiyo. Mimi na Mwalimu Luhende tulikuwa na hakika kwamba mtihani wa mwisho utampeleka sekondari, na shule yetu ilikuwa haijawahi kupeleka msichana hata mmoja. Ngoma yenyewe nilikwenda kuiazima kwa Mzee Nkwabi, jirani wa shule, aliyenipa bila maneno mengi. Tulifanya mazoezi siku tatu. Siku ya nne Kabula hakuja.

Nilipolalamika nyumbani wakati wa chakula, Saada akaacha kutafuna. "Mama, Kabula hawezi kuimba pale," alisema. "Kwao ni Bagalu. Ngoma ni ya Bagika."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua. Mama, sisi ni wa upande gani?"

Kwa mliozaliwa mbali kama mimi, Usukumani wacheza ngoma wamegawanyika pande mbili tangu zamani, Bagika na Bagalu. Mtoto hufuata upande wa wazazi wake. Baada ya mavuno pande hizo husimama uwanja mmoja, kila moja na ngoma zake na dawa zake za kuvuta watu, na anayeshinda ni yule ambaye watazamaji watamhamia. Mzee Nkwabi alikuwa mkubwa wa Bagika pale kijijini. Masanja, baba yake Kabula, alikuwa ningi wa Bagalu, yaani mtunzi na mwimbishaji wao. Nami nilikuwa nimemchukua binti wa Masanja nikamsimamisha mbele ya ngoma ya Nkwabi, wiki chache kabla ya mashindano. Mtoto wa darasa la tatu alilijua hilo, mwalimu wake hakulijua.

Nilipanda baiskeli nikaenda kwa Masanja. Alinipokea vizuri, na hilo lilinitia hofu zaidi. Akanipa kigoda chake, yeye akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Shikamoo, Baba Kabula."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kumwulizia Kabula. Anaumwa?"

"Haumwi." Akakuna goti lake taratibu. "Wewe ni mgeni, sikulaumu. Lakini mwanangu ameimbia ngoma ya Nkwabi siku tatu, kijiji kizima kinasikia. Mwezi ujao nitasimama uwanjani, watu wataniambia hata mtoto wako amekuhama. Hapo nani atabaki upande wangu?"

"Baba Kabula, ile ni michezo ya shule tu."

"Kwako michezo. Mimi nimerithi kwa baba yangu." Hakupandisha sauti. "Nitampeleka kwa shangazi yake Songwa. Msimu wa ngoma ukiisha, tutaona."

"Na mtihani wake?"

"Mtihani upo kila mwaka, mwalimu."

"Kwa wengine upo kila mwaka. Kwa Kabula ni mwaka huu tu."

Nyuma ya nyumba mtu alikuwa anatwanga mtama. Nilipotaja mtihani mchi ulinyamaza, na haukuanza tena mpaka nilipoaga. Nilijua maana ya tutaona, na nilijua msichana wa umri ule akishapelekwa kwa shangazi huko Songwa, habari nitakayoipata baadaye itakuwa ya harusi. Nilirudi kwa miguu nikisukuma baiskeli kwa sababu machozi yalikuwa yananizuia kuona njia.

Ofisini nilichukua karatasi nikaanza kumwandikia katibu kata, kwamba mzazi anamzuia mtoto kusoma na achukuliwe hatua. Mwalimu Luhende alisoma mistari miwili kupitia begani kwangu, kisha akaichukua kalamu mkononi mwangu akaifunga kifuniko.

"Ukimleta kwa mgambo utampata Kabula," alisema. "Baba yake utakuwa umempoteza. Na nyuma ya Kabula kuna wadogo zake watano."

"Sasa nifanye nini?"

"Kwanza rudisha ngoma ya watu."

Kurudisha ngoma kulikuwa kugumu kuliko kuiazima. Mzee Nkwabi aliikagua pande zote, kisha akanikagua mimi.

"Mwalimu, ngoma yangu imekukosea nini?"

"Shikamoo, mzee. Ngoma haijakosa. Nimekosa mimi, niliomba bila kujua ninachoomba."

"Marahaba. Mimi nilijua hujui. Uliomba kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani." Alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Niliitia na dawa, watu wajae shuleni kwenu. Nilikuwa nawasaidia."

Nilimshukuru kwa dawa. Sijui chuo gani kingenifundisha jibu jingine. Nikamkaribisha siku ya mavuno, akasema atakuja aone sherehe isiyo na ngoma inafananaje.

Hata mimi sikujua. Zilibaki siku sita. Nilikuwa na maboga, karanga, wazazi walioalikwa na watoto waliokatazwa kucheza, maana baada ya Masanja wazazi wengine nao waliwakataza wa kwao, Bagalu kwa Bagika. Alhamisi ilikuwa siku ya kilimo. Miaka ile kila shule ilikuwa na shamba lake, na letu lilikuwa la pamba. Pamba ilikuwa imeshavunwa, imebaki miti mikavu ambayo sheria ya kilimo ilitaka ing'olewe yote na kuchomwa, funza wasibaki. Niliwapeleka watoto wakaanza kung'oa, kwa majembe yale yale arobaini ya shule yaliyopigwa rangi nyekundu mpini. Nilikaa kwenye kivuli cha ghala nikijihurumia. Baada ya muda nikasikia wanaimba. Walikuwa wamesimama mstari mmoja mrefu, warefu kwa wafupi, wa Bagika bega kwa bega na wa Bagalu, anayeachwa nyuma anasaidiwa, na majembe yanagonga ardhi kwa pamoja.

Nikamwita Saada. "Hapa mbona hawana pande?"

Alinitazama kwa uvumilivu. "Hapa si uwanjani, mama. Hapa tunalima."

Nilikwenda kwa Mwalimu Luhende nikitembea haraka kuliko inavyompasa mwanamke mwenye kitambaa kichwani. Nikamwambia tuhamishie sherehe shambani. Nusu ya shamba tuiache bila kung'olewa, wageni wakae kando kando, watoto waimbe wakifanya kazi, chakula kiliwe pale pale. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kujitetea bila kushtakiwa. Mwisho akasema tutahitaji mitungi zaidi ya maji, nikajua amekubali.

Siku ilipofika wazazi walikuja wengi kuliko mwaka uliotangulia, nadhani kwa hamu ya kuona tutakavyoaibika. Mzee Nkwabi alisimama mwisho wa shamba, mikono nyuma. Mume wangu aliegesha lori karibu, na watoto wadogo wakajaa kwenye bodi kama mizigo. Hamisi wangu, aliyekuwa hajaanza shule, alipewa kazi ya kugawa karanga na akajigawia yeye kwanza. Watoto wakajipanga, jembe begani. Badala ya Kabula nilikuwa nimemweka Shija, mvulana mwenye bidii. Shija alianzisha wimbo juu sana. Waliomwitikia walifuata nusu njia wakakwama, majembe yakaanza kushuka kila moja kwa wakati wake, na wazazi wakaanza kuangalia vidole vyao vya miguu. Nilitamani ardhi inimeze.

Hapo ndipo nilipomwona Masanja njiani. Njia ya kwenda barabarani ilipita kando ya shamba letu. Alikuwa anasukuma baiskeli, kwenye kiti cha nyuma kuna fumba la mkeka lenye nguo, limefungwa kwa kamba za katani, na nyuma ya baiskeli anatembea Kabula, amevaa gauni lake la kanisani, anatazama chini. Walikuwa wanawahi basi la Songwa. Mama yake alifuata kwa mbali na kibuyu cha maji ya safari.

Masanja alikusudia kupita. Alitusalimu kwa kichwa akaendelea hatua kama kumi. Shija akaanzisha tena, juu zaidi. Masanja akasimama. Akavumilia ubeti mmoja. Ubeti wa pili akaegemeza baiskeli kwenye mchongoma, akaja mpaka ukingoni mwa shamba, uso umemkunjamana kama mtu aliyeng'atwa na siafu.

"Nani kawafundisha hivi?" aliuliza.

"Mimi, Baba Kabula," nikasema.

"Mnaimba kama mnaomba maji ya kunywa." Akamwambia Shija kitu kwa Kisukuma, akamwonyesha mahali pa kuvuta pumzi. Shija akajaribu. Ikawa mbaya vile vile, ila chini zaidi. Masanja akatazama barabarani, akatazama majembe arobaini yanayosubiri hewani. Aliangaza shamba zima kutafuta ngoma, na hakuiona. Akamwona Nkwabi upande wa pili, mikono mitupu.

"Kabula," alisema bila kugeuka. "Waanzishie. Wimbo mmoja. Basi halitusubiri."

Kabula alivua ndala akaingia shambani na gauni lake la kanisani. Sitajaribu kueleza sauti ile. Nitasema tu kwamba alipoita, mstari mzima ulishuka kwa pigo moja, na miti ya pamba ikaanza kung'oka mbele yao kama nywele za mtoto anayenyolewa. Wimbo mmoja ukaisha, akaingia wa pili bila kumtazama baba yake. Mama mmoja akamweka mwanawe chini akaingia kung'oa. Wakafuata wengine. Mzee Nkwabi alikunja suruali, akachagua mstari wake, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ikiwa ni kulima tu, yeye hana ugomvi na mtu.

Masanja aliona mstari wa wazazi unapinda. Sidhani kama angeweza kulivumilia hilo. Alichukua jembe kwa mtoto mdogo wa darasa la nne, akasimama hatua nne kutoka kwa Nkwabi, na wazee wale wawili wakalima bila kuambiana neno, wakiitikia binti mmoja.

Vumbi la basi lilionekana barabarani, likapita, likatulia. Nililiona, na niliona kwamba Masanja naye ameliona. Hakuacha kulima. Jioni, baada ya watu kula, alikuja kuniaga, jasho limemkaukia shingoni.

"Basi limepita," alisema.

"Limepita, baba."

"La kesho lipo."

Akafungua baiskeli yake, fumba likiwa bado limefungwa nyuma, wakaondoka wote watatu. Nikaanza kukusanya majembe. Mwalimu Luhende akanisaidia kuyahesabu.

Ile ndiyo likizo ndefu kuliko zote nilizowahi kuwa nayo. Wanangu walifurahi, tulikwenda Kagongwa na lori la baba yao, tukala miwa mpaka ndimi zikachubuka, wakajifunza kuruka kamba za katani na kuvunjiana vikombe. Mimi kila basi lililopita nilihesabu vichwa madirishani. Sikwenda kwa Masanja kuuliza. Nilikuwa nimemaliza maneno yangu ya kumwambia, na yaliyobaki yalikuwa yake.

Niliyoyaona baada ya hapo ni mengi, na mengine nitawasimulia mkija kunywa chai. Nilifundisha Bukombe, nilifundisha tena Geita, na kila kijiji kipya niliuliza kwanza wanachochezea na wanachokataa, kabla hata sijauliza choo kiko wapi. Kabula alifanya mtihani ule, akachaguliwa kwenda sekondari, na baba yake ndiye aliyembebea sanduku. Shule nzima ilipiga vigelegele. Mimi nililia, sioni aibu kusema.

Lakini siku ninayoikumbuka si hiyo. Ni asubuhi ya kufungua shule. Nilifika mapema nikashika daftari la mahudhurio, na kwa makusudi sikuinua macho kuwatazama waliokaa. Niliogopa kuona nafasi tupu. Nikasoma majina taratibu, mmoja mmoja, wavulana kwanza. Nilipofika kwa wasichana niliweka kidole chini ya kila jina.

"Kabula Masanja."

"Nipo, mwalimu."

Niligeukia ubao nikaandika tarehe. Niliiandika polepole sana, kwa herufi nzuri, kisha nikaifuta na kuiandika tena, mpaka nilipojiona naweza kuwatazama watoto.